Hesabu ya Miongo

Kwetu Unguja ardhi hailali. Masika tunapanda mpunga, kipupwe mchicha na nyanya, vuli kunde. Kiangazi tunachimba muhogo, zao lililoletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili. Wazee walijuaje wakati wa kupanda? Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi; Ramadhani huzunguka misimu yote. Kwa kilimo, basi, walihesabu tangu Nairuzi: miongo 36 ya siku kumikumi, na siku 5 za ziada. Makunduchi bado huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai. Lakini nikiwauliza wakulima wenzangu tuko muongo gani, wengi hutazama kalenda ya ukutani. Hesabu iliyowalisha babu zetu tumeiachia ngoma.