Kutoka Gumegume hadi Kiasi cha Kiwandani: Marisau, Masafa na Uwindaji wa Kanga Pwani ya Tanzania

Nchini Marekani, mjadala wa uteuzi wa marisau na masafa ya bunduki huhusishwa na bata mzinga wa mwitu. Tanzania humjua bata mzinga kama ndege wa kufugwa. Mwituni, anayekaribiana naye ni kanga, ndege wa ardhini mwenye manyoya mazito, ambaye mara nyingi hukimbia kabla ya kuruka. Insha hii inadai kwamba maarifa ya kumpiga ndege huyo yalibadilishwa na sheria za silaha kama yalivyobadilishwa na ufundi.

Katika karne ya 19, biashara ya pembe za ndovu iliyokuwa na kitovu chake Zanzibar ilisambaza magobori mengi katika pwani na bara. Mwindaji alimimina baruti mtutuni, akaishindilia kwa mdeki, kisha akatia marisau na kuyazuia yasimwagike. Baruti ikizidi, mtutu uliweza kupasuka. Ikipungua, marisau yalifika yakiwa hayana nguvu. Kila bunduki ilikuwa na tabia yake, hivyo masafa yake yalifahamika kwa uzoefu wa mwenyewe. Si ajabu kwamba neno “kiasi” katika Kiswahili lilibeba maana mbili: kipimo, na pia risasi iliyokwisha kupimiwa baruti.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Wazungu wenye vibali waliweza kupata silaha bora. Mwaka 1896, Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji zilizodai leseni katika koloni la Wajerumani. Kwa hiyo Mwafrika aliyebaki na gobori aliendelea kupima kwa mkono, wakati mwenye kibali alinunua kipimo kilichokwisha kufanywa kiwandani.

Kiasi cha kiwandani kilihamishia sehemu ya maarifa hayo kwenye namba. Namba ya marisau inavyopanda, ndivyo punje zinavyopungua ukubwa: namba 6 ya Uingereza ina punje za kipenyo cha milimita 2.6 hivi, na namba 4 zaidi ya milimita 3. Punje kubwa hupenya zaidi, ila katika uzito uleule huwa chache. Punje ndogo hufunika eneo vizuri, ila huishiwa nguvu mapema. Mtutu uliobanwa sana mdomoni hukusudiwa kuweka takriban asilimia 70 ya punje ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 hivi. Zaidi ya hapo nafasi kati ya punje hupanuka, na ndege huweza kujeruhiwa na kwenda kufia vichakani. Namba iliyoandikwa kwenye ganda haimwambii mwindaji kanga yuko umbali gani; jukumu hilo lilibaki kwa jicho lake.

Kupanuka kwa Dar es Salaam kuliongeza uzito wa swali hilo. Sinza ilipimwa viwanja katika miaka ya 1970, katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ikawa mtaa wa nyumba zilizokaribiana. Marisau ya namba 6, ambayo humfaa mwindaji kwa mita 35 hivi, huweza kuruka zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Mahali penye makazi, umbali huo huvuka nyua za majirani wengi. Masafa ya kuua na masafa ya kudhuru ni vipimo viwili tofauti.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 zinasimamia kibali cha kuwinda na umiliki wa silaha. Historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba kibali kiliamua nani ashike kiasi cha kiwandani, lakini hakikuchukua nafasi ya maarifa ya masafa, ambayo mwenye gobori alilazimika kuyajua kabla hajafyatua.