Vibanda vya Kanisa, Utsjoki

Utsjoki ndiyo wilaya ya kaskazini kabisa nchini Ufini. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na wakazi ni kama 1,200 tu, wengi wao Wasami, wenyeji wa asili wa nchi hizi za baridi.

Vibanda vya magogo unavyoviona kando ya ziwa Mantojärvi havikuwa makazi ya kudumu. Familia zilitoka mbali, wakati wa baridi kwa sleji za kukokotwa na kulungu wa kufugwa, na haikuwezekana kuja ibadani na kurudi siku hiyohiyo. Basi kila ukoo ulijijengea pa kulala. Watu walisali, wakauziana bidhaa, wakalipa kodi na, bila shaka, wakapashana habari za miezi mingi. Kanisa la mawe lililo juu kilimani lilikamilika mwaka 1853.

Mto Teno, mpaka wa Utsjoki na Norwei, ulisifika kwa samaki aina ya salmoni. Samaki hao walipopungua mno, uvuvi wao ulipigwa marufuku kuanzia 2021.

Tafadhali usipande juu ya paa wala kuchonga jina lako kwenye magogo.