Jasho la Viganja na Nyayo: Historia Yake na Msaada kwa Mtoto Wako

Leo tunazungumzia jambo ambalo wazazi wengi huliona lakini hawalitaji: mtoto anayetokwa na jasho jingi viganjani na katika nyayo, hasa wakati wa mazoezi na michezo.

Akishika kamba katika mchezo wa kuvuta, mikono inateleza. Akikimbia akiwa na raba, miguu inalowa na kunuka, naye anaona haya kuvua viatu mbele ya wenzake. Mwalimu humwita mzembe. Wenzake hukataa kumshika mkono. Hatimaye mtoto huanza kusingizia ugonjwa kila siku ya michezo. Wako hata wanaosema kwamba ni mchafu, au kwamba amerogwa. Ili tuujue ukweli, turudi nyuma kidogo tuone jinsi binadamu alivyojifunza habari za jasho.

Tatizo la mwili kuteleza michezoni ni la zamani sana. Wanamieleka wa Ugiriki ya kale walijipaka mafuta, kisha wakajinyunyizia vumbi ili mpinzani apate pa kushika. Mpaka leo, wanyanyuaji vyuma na wanasarakasi wa mashindano ya Olimpiki hupaka viganja unga mweupe wa magnesi kabla ya kushika chuma. Kwa hivyo hata mabingwa wa dunia hutokwa na jasho mikononi.

Lakini jasho hutoka wapi? Daktari mmoja wa Italia, Santorio Santorio, alitengeneza kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani. Kwa miaka karibu 30 alijipima uzito, akapima chakula, kinywaji, choo na mkojo. Mwaka 1614 alichapisha kitabu akieleza kwamba sehemu kubwa ya tunachokula na kunywa hutoka mwilini bila kuonekana. Mwaka 1833, Jan Purkyně alizieleza tezi za jasho baada ya kuichunguza ngozi kwa hadubini. Leo tunajua kwamba binadamu ana tezi hizo kati ya milioni 2 na milioni 4, na kwamba zimesongamana zaidi viganjani na katika nyayo.

Sasa sikiliza kisa cha daktari wa upasuaji wa mji wa Cincinnati, Marekani. Mikono yake ilitokwa na jasho wakati wa joto, na daktari wa kupasua watu hawezi kushika kisu kwa mkono unaoteleza. Akatengeneza dawa ya maji yenye kloridi ya alumini, ambayo huziba vitundu vya jasho kwa muda. Binti yake, Edna Murphey, aliijaribu makwapani akaona inafaa. Aliipa jina Odorono, na mwaka 1912 akaiuza katika maonyesho ya Atlantic City. Dawa ile ilikuwa kali: iliwasha ngozi na kuharibu nguo. Hata hivyo ilisambaa sana, na chumvi za alumini bado zimo katika dawa nyingi za kuzuia jasho zinazouzwa madukani. Kumbe dawa inayojulikana kwa makwapa ilianza kwa sababu ya mikono ya daktari!

Mwaka 1928 daktari Mrusi, Victor Minor, alieleza njia ya kuliona jasho kwa macho. Alipaka ngozi iodini iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, akanyunyiza unga wa wanga. Pale palipotoka jasho pakageuka rangi nyeusi ya samawati, kama watoto wetu wanavyoona katika somo la sayansi wanapotia iodini kwenye kiazi.

Aliyetusaidia zaidi sisi wazazi ni Yas Kuno wa Japani, aliyechapisha kitabu chake kuhusu jasho mwaka 1934. Kuno alionyesha kwamba kuna jasho la namna mbili. La kwanza huletwa na joto, nalo hutoka mwili mzima ili kuupoza. La pili huletwa na hofu, wasiwasi au kukaza fikira, na hili huonekana hasa viganjani na katika nyayo. Sasa fikiria mtoto aliye uwanjani. Anatetemeka kwa kuogopa kuchekwa, na ile hofu inazidisha jasho. Jasho likizidi, hofu nayo inaongezeka. Ukimgombeza au kumcheka, wewe mwenyewe unamwongezea jasho.

Nchini Marekani imekadiriwa kwamba karibu watu 3 katika kila 100 wana tatizo la jasho kupita kiasi. Mara nyingi huanza utotoni au wakati wa kubalehe, na huenda katika familia. Huenda baba yake au shangazi yake analo pia, ila hakuwahi kusema. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Je, ufanye nini nyumbani?

Mwoshe mtoto miguu kila siku, umkaushe vizuri hata katikati ya vidole. Mpe soksi za pamba, na jozi ya pili ya kubadilisha baada ya mazoezi. Anika viatu juani, na ukiweza asivae jozi moja siku mbili mfululizo. Mpe kitambaa kidogo cha kufutia mikono, na karatasi ya kuweka chini ya mkono anapoandika mtihani. Anywe maji ya kutosha. Zungumza na mwalimu wake. Usimwondoe michezoni.

Ukiona ngozi nyeupe inayobanduka katikati ya vidole na kuwasha, hiyo huenda ni fangasi, nayo ina dawa.

Hayo yasipotosha, mwone daktari. Ipo dawa ya alumini yenye nguvu zaidi, ambayo hupakwa usiku ngozi ikiwa kavu kabisa. Iko pia njia ya kutumbukiza mikono katika maji yenye umeme hafifu, kwa mashine maalumu. Usijaribu kamwe kufanya hivyo kwa umeme wa nyumbani; unaua. Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu umefanywa tangu mwaka 1920, lakini wengi waliofanyiwa huanza kutokwa na jasho mgongoni na tumboni badala yake.

Tafadhali, mama, zitambue dalili za hatari. Jasho la usiku pamoja na kukohoa na kukonda linahitaji kupimwa kifua kikuu. Jasho pamoja na homa linahitaji kipimo cha malaria. Mtoto mchanga anayetokwa na jasho na kuhema anaponyonya huenda ana shida ya moyo. Usingoje, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Lakini yule anayelowa viganja tu, akiwa mzima na mwenye nguvu, hakurogwa wala si mchafu. Tezi zake zinafanya kazi kupita kiasi. Leo jioni mshike mkono huo wenye jasho, umweleze hivyo. Kwaheri, hadi mazungumzo yajayo.