Sauti ya Kigoma, Ghala la Mbali

Wimbo wa "Muna" unajulikana karibu kila mahali wanapokusanyika Watanzania wa makamo, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba mtunzi wake alikuwa mtoto wa Kigoma. Shem Ibrahim Karenga alianza muziki miaka ya 1960 katika Lake Tanganyika Jazz, bendi ya nyumbani kwao, kisha akahamia Tabora na kujipatia jina akiwa na Tabora Jazz. Alifariki mwaka 2014. Ndugu zake waliobaki kando ya ziwa waliisikia sauti yake redioni, sawa na msikilizaji wa Lindi au Musoma. Sauti ilitoka kwao, lakini kanda iliyoibeba ilikaa kwenye rafu za Dar es Salaam.

Hiyo ndiyo historia ya muziki wa Kigoma na Ujiji kwa zaidi ya miaka mia moja. Ufukwe huu haukuwahi kukosa waimbaji, wala masikio. Kilichokosekana ni mahali pa kuhifadhi. Mitambo ya kurekodi, viwanda vya santuri na maktaba za kanda vilikuwa Berlin, Bombay, Nairobi au Dar es Salaam, na wenyeji wakajitengenezea ghala lao kwa njia waliyoimudu: kunakili na kupokezana.

Tuanzie kwa wapagazi. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara kwenye ziwa, na Wanyamwezi waliobeba mizigo kati ya pwani na ziwa walibeba pia nyimbo zao za safari. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walianza kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Hazina ya sauti iliyoanzishwa Berlin mwaka 1900, iitwayo Phonogramm-Archiv, ikapokea nyimbo za Wanyamwezi, na mwaka 1909 mtaalamu Erich von Hornbostel akachapisha uchambuzi wake wa nyimbo hizo. Reli ilikuwa bado haijafika Kigoma. Garimoshi lilifika mwaka 1914. Kwa maneno mengine, nyimbo za njia ya Ujiji ziliwahi kuingia kabatini Ulaya kabla mtu wa Ujiji hajaweza kupanda treni kwenda Dar es Salaam.

Kilichorudi kutoka huko nje kilikuja kwa umbo la santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa lebo ya His Master's Voice, na kuanzia hapo mwenye gramafoni aliweza kununua taarabu ya Kiswahili. Santuri za zama hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ukichukua kiasi cha dakika tatu, na zikianguka sakafuni zilivunjika kama kigae. Gramafoni yenyewe ilikuwa na faida moja kubwa kwa mji usio na umeme: ilitiwa nguvu kwa mkono. Mtu alizungusha kishikio, akabadilisha sindano, akaweka sahani, na baraza zima likasikiliza.

Kwa Kigoma, hata hivyo, jirani wa karibu zaidi kimuziki alikuwa Kongo, ng'ambo ya maji. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, wakakaa hadi 1921, na hata walipowaachia Waingereza walibaki na eneo lao bandarini kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Ujiji nayo ilijaa Wamanyema, watu wenye asili ya Kongo ya mashariki waliokifanya Kiswahili kuwa lugha yao. Kwa hiyo mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi kijana Mwenda Jean Bosco na gitaa lake huko Jadotville, Kongo, ambayo sasa ni Likasi, Kiswahili alichoimba hakikuwa kigeni kwa sikio la Ujiji. Huko Léopoldville, sasa Kinshasa, lebo ya Ngoma ilikuwa imeanza kazi tangu 1948. Rumba ya Kongo ilipoenea Afrika Mashariki, wakazi wa ukingo huu wa ziwa waliipokea kama mgeni wa nyumba ya pili.

Redio ikabadili mambo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa karibu miaka thelathini RTD ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara, na studio yake ikawa mlango ambao karibu kila bendi ilipaswa kuupita. Bendi ya mikoani ilisafiri hadi Dar es Salaam, ikarekodi, ikarudi. Kanda ilibaki maktaba. Wanamuziki walipata jina, wananchi wakapata wimbo hewani, lakini hakuna aliyeondoka na nakala mkononi.

Kumiliki nakala kulihitaji santuri, na hapo pakawa na kikwazo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Nyimbo za bendi zake zilifyatuliwa Nairobi. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe tena hadi 1983. Njia ya santuri ikaziba.

Ndipo kaseti ikashika usukani. Philips walikuwa wameitoa mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1980 redio kaseti ilikuwa mali ya kujivunia sebuleni, ikifunikwa kitambaa cha kufuma. Kaseti tupu ya dakika 60 iliingiza nyimbo kumi na kitu. Aliyeipenda bendi alisubiri kipindi, akiweka kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akiomba mtangazaji asiongee katikati ya gitaa. Aliyekuwa na redio kaseti mbili alimrekodia jirani. Jirani akamrekodia shemeji wa Kasulu. Shemeji akaipeleka Uvinza. Kila nakala ilizidi kukwaruza, lakini wimbo uliishi.

Betri ndizo zilizotawala ratiba. Mji wa Kigoma kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli na ulikuwa nje ya gridi ya taifa hadi mwaka 2022, na vijijini hata jenereta halikuwepo. Betri za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zilitumika kwa nidhamu ya mwenye kutunza mafuta ya taa. Kaseti ilirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic, ikizungushwa hewani, ili betri ziokolewe kwa ajili ya kusikiliza tu. Zikichoka zilianikwa juani zipate uhai wa jioni moja zaidi.

Ziwani mwezi nao ulikuwa na sauti. Wavuvi wa dagaa na migebuka huingia majini usiku wa giza, taa zikiwavuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu, na mitumbwi hupumzika. Siku hizo za mbalamwezi ndizo zilizokuwa za ngoma, za harusi na za kukaa na redio hadi usiku mkubwa. Usiku wa kazi redio ndogo ilifungwa kwenye mfuko wa plastiki isilowe, ikapanda mtumbwini pamoja na mwenyewe.

Watu waliokimbia vita waliongeza ukurasa mwingine. Warundi walivuka kwa wingi mwaka 1972 na tena 1993. Wakongo wakafuata mwaka 1996, mwaka ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, ambayo baadaye ilihifadhi zaidi ya watu laki moja. Aliyekimbia vita hakubeba gramafoni. Alibeba alichokariri. Kwa sababu hiyo kwaya zikawa hazina ya kwanza ya kambini: watu thelathini wanaojua wimbo mmoja ni nakala thelathini zisizohitaji betri. Makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa 1972, yalitoa Kwaya ya Barabara ya 13, ambayo kaseti zake zilisikika nchi nzima.

Picha zilichelewa kuliko sauti. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Pengo hilo liliziacha kanda za VHS zijitawale. Deki moja, televisheni moja, jenereta nje ya ukuta na mabenchi ndani: hilo ndilo banda la video, ambalo vijana walikuja kuliita kibanda umiza. Filamu za Kihindi na za kung fu zilihitaji mtu wa kuzieleza, na hapo ikazaliwa kazi ya msimuliaji aliyepaza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Aliyevuma kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zenye sauti yake ziliuzwa na kukodishwa kote nchini. Mtazamaji aliyeketi bandani hakusema ameona filamu ya Hong Kong; alisema ameona ya Lufufu.

Kisha vitu vikaanza kupungua ukubwa kwa kasi. Kaseti ikapisha CD, CD ikapisha flashi na memori kadi. Kadi ndogo kuliko ukucha, yenye gigabaiti nne, huingiza nyimbo elfu moja hivi, wakati santuri ya zamani ilibeba mbili. Vibanda vya kuchaji simu vikawa pia vya kuweka nyimbo: mteja anataja anachotaka, dansi, kwaya, bolingo au Bongo Fleva, kijana wa kompyuta anamimina. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akiwemo Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, waliungana kama Kigoma All Stars na kutoa "Leka Dutigite", jina la Kiha. Wimbo huo ulisambaa kwa Bluetooth na YouTube kwa siku chache, safari ambayo kaseti ingeichukua miezi.

Lakini wepesi wa kunakili umeleta wepesi wa kufuta. Simu ikiibiwa, kadi ikiharibika, nyimbo elfu huondoka kwa pamoja, na ghala la leo liko mbali kuliko yote yaliyotangulia, kwenye kompyuta za kampuni za mtandao ambazo hakuna aliyeko mitaa ya Mwanga au Gungu, Kigoma, anayezijua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanda za RTD ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, mitungi ya nta iko Berlin, rekodi za Tracey ziko katika maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, huko Afrika Kusini. Hayo yana walinzi wake.

Yasiyo na mlinzi ni yale yaliyoko chini ya vitanda vya Ujiji: kaseti ya harusi iliyorekodiwa barazani, kwaya ya parokia kabla viongozi wake hawajafariki, VHS ya ngoma. Joto na unyevu wa ziwa huotesha ukungu kwenye utepe, na deki zinazofanya kazi zinazidi kuadimika kila mwaka. Msomaji mwenye kanda kama hizo azitafutie mashine ingali ipo. Anakili kila moja mara mbili, aandike majina ya waimbaji, mahali na mwaka, kisha nakala moja akae nayo na nyingine aikabidhi shule, msikiti, kanisa au maktaba iliyo karibu naye, hapo hapo Kigoma.