Wageni wa Kondoa, wageni wa Ujerumani

Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO, Serikali iliondoa mifugo yote katika ardhi ya Kondoa iliyomomonyoka. Makorongo yakaota majani. Baadhi ya wafugaji walihama na ng'ombe wao, wakawa wageni kwenye malisho ya wenzao.

Ujerumani, yenye wazee wengi, Septemba 2024 ilitia saini na Kenya mkataba wa kupokea wafanyakazi. Wako Wajerumani wanaosema waje, hospitali hazina wauguzi; wengine hawataki. Nchi hiyo hiyo iliwaita Waturuki mwaka 1961, na mwaka 1983 ikatoa marki 10,500 kwa aliyekosa kazi akubali kurudi kwao. Wengi walibaki, maana watoto walikwishazaliwa huko. Kijana anayefunga sanduku Nairobi aulize mapema: mke na watoto wangu je?