Majani 25 Yaliyotoka Jamaika

Leo tutazungumza habari za mmea mdogo wenye maua meupe au ya waridi, ambao wengi wenu mmeupanda mbele ya nyumba bila ya kuijua thamani yake. Asili yake ni kisiwa cha Bukini.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipata bahasha yenye majani 25 ya mmea huo. Yalitoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha na kunywa maji yake kuwa dawa ya ugonjwa wa sukari. Akampa ndugu yake, Robert Noble, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, ayachunguze.

Robert aliwanywesha panya dawa hiyo. Sukari ya damu haikupungua. Akawadunga sindano, panya wakafa baada ya siku chache. Mwingine angaliyatupa majani yale. Yeye aliuliza: wamekufa kwa nini? Akaona kwamba chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zimepungua mno, na maradhi yamewaingia bila ya kizuizi.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Iko saratani ya damu, ambayo chembe nyeupe huzaana bila kiasi. Kitu chenye kuzipunguza, je, hakiwezi kumfaa mgonjwa huyo?

Mwaka 1954 mkemia Charles Beer alijiunga naye, na mwaka 1958 wakatangaza dawa waliyoipata, vinblastini. Wataalamu wa Marekani wakapata ya pili katika mmea ule ule, vinkristini. Dawa hizi huzuia chembe isigawanyike kuwa mbili; na saratani isiyozaana haienei. Katika miaka ya 1960 Denis Burkitt, huko Uganda, aliwatibu kwa vinkristini watoto wenye uvimbe wa taya. Hata leo, ikichanganywa na dawa nyingine, huwaponya watoto wengi wenye saratani ya damu.

Lakini shikeni neno hili: msiyachemshe majani hayo nyumbani. Yana sumu, na sufuria haina kipimo. Kupata gramu moja tu ya vinblastini, viwanda vilihitaji karibu kilo 500 za majani makavu. Mwenye uvimbe usioisha na aende hospitali mapema.

Swali la kujadiliana: Robert Noble alishindwa kupata alichokitafuta. Kwa nini basi tunasema alifaulu?