Kiko cha Babu: Juu ya Majina ya Viko vya Kale vya Uchina

Zipo nyumba za Wachina, katika nchi yao na ughaibuni, ambamo kiko cha kale hutunzwa sandukuni kwa kuwa kilikuwa cha babu au cha bibi. Aghalabu ni chombo cha shaba nyeupe, yaani shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, nacho chaenea katika kiganja. Madukani mwa vitu vya kale, hasa Ulaya na Marekani, chombo hicho huuzwa mara nyingi kwa jina la kiko cha kasumba. Jina hilo si lake, wala kosa hilo si dogo, maana lamfanya marehemu kuwa mtumwa wa kasumba, hali pengine hakuvuta ila tumbako.

Msomaji wa kamusi zetu za kale hatapata taabu kukifahamu. Waswahili nao walikuwa na kiko cha maji, na kila sehemu ilikuwa na jina lake: bori, kijungu cha udongo kitiwacho tumbako; digali, mti ushukao majini; kiko chenyewe, kibuyu au kifuu chenye maji; shilamu, mti utiwao kinywani; na mlio wa maji, malio ya kiko. Kiko cha Kichina, shuiyan dai, chaweza kuelezwa kwa maneno hayo hayo. Lakini bori lake ni jembamba, lapokea tumbako ya mvuto mmoja au miwili tu; shilamu yake imepinda kama shingo ya korongo; na ubavuni mna kopo la tumbako, pamoja na kibano na burashi ndogo. Mvutaji akiisha huliinua bori na kupuliza majivu. Tumbako iliyosifiwa kwa viko hivyo ilitoka Lanzhou, katika jimbo la Gansu. Mabibi wa nyumba kubwa walivipenda, na Malkia Mama Cixi, aliyefariki mwaka 1908, alikuwa mmoja wao.

Chanzo cha kosa kimo katika lugha pia. Tumbako ilifika Fujian kutoka Manila mwishoni mwa karne ya 16, ikaitwa danbagu, neno ambalo ni ndugu wa tumbako yetu. Baadaye ikaitwa yan, maana yake moshi. Kasumba ilipoanza kuvutwa nayo ikaingia katika neno hilo, ikaitwa dayan, moshi mkubwa. Hata hivyo Wachina hawakuvichanganya vyombo. Kiko cha tumbako ni yan dai, mfuko wa moshi, kiwe cha maji au kikavu. (Mwanachuoni Ji Xiaolan, aliyeishi 1724 hata 1805, alitaniwa kwa jina la kiko chake kikavu, kwa ukubwa wake.) Kiko cha kasumba ni yanqiang, na qiang ni neno lililokuwa na maana ya mkuki, kisha likawa bunduki.

Chombo hicho cha pili hakina maji. Ni mwanzi mrefu uliozibwa upande mmoja, na bori lake, aghalabu la udongo, limefunikwa juu, likaachiwa kitundu kidogo. Mvutaji hulala ubavu na kulielekeza bori juu ya taa, kasumba igeuke mvuke bila kuungua. Viko hivyo viliandamwa. Amri ya mwaka 1729 ilikataza kuuza kasumba ya kuvuta, ambayo siku zile ilichanganywa na tumbako. Mwaka 1839 Lin Zexu alikusanya Guangzhou makumi ya maelfu ya viko. Na amri ya Februari 1950 ikataka kasumba na vyombo vyake visalimishwe. Vingi vilichomwa. Kiko cha maji hakikuwa na hatia hiyo, ndiyo sababu kiliweza kubaki mezani na kurithiwa hadharani.

Sisemi kwamba kiko cha tumbako ni hati ya kumwondolea mtu lawama. Wako waliovuta vyote viwili. Nasema tu kwamba chombo kisishuhudie lisilo lake. Katika lugha yetu kasumba imekwisha kuwa jina la fikira za kitumwa, na hakuna apendaye kulipachika juu ya babu yake bure. Mrithi na akishike chombo, ajaribu kulivuta bori juu. Likitoka, na chini yake pakawa na nafasi ya maji, basi ni cha tumbako.